Mbio za mviringo za magari Ulaya: EuroNASCAR, BriSCA au Venray?

Kila Februari, Daytona 500 inapokimbiwa, kuna ndugu na marafiki walioko Ulaya wanaoniuliza jambo lilelile. Wameona kwenye televisheni magari 40 yakizunguka uwanja wa mviringo, yamebanana mlango kwa mlango, kasi haipungui, na wanataka kujua kama wanaweza kuyaona hukohuko waliko bila kukata tiketi ya ndege hadi Florida. Nawajibu kwamba yapo, ila yametawanyika. Gari la Kimarekani liko sehemu moja, mviringo wenyewe uko sehemu nyingine, na kule kugongana kunakowasisimua kuko mahali pa tatu. Kwa hiyo kabla hujalipa kiingilio, amua kwanza unakitaka kipi zaidi.

Ninalinganisha mashindano matatu ya magari ya stoki, yaani magari yaliyotokana na gari la kawaida la barabarani lakini ambayo leo ndani ni mabomba ya chuma na injini kubwa. Kuna NASCAR Euro Series, tawi la Ulaya la NASCAR, yaani mashindano makuu ya magari ya stoki ya Marekani; mashabiki huiita EuroNASCAR. Kuna BriSCA Formula 1 ya Uingereza, ambayo haihusiani hata kidogo na Formula One ya kina Hamilton. Na kuna mbio za uwanja wa Raceway Venray huko Uholanzi. La nne, ambalo lingetosheleza haja zote, lilikufa. Naanza na hilo, maana ndilo linaloeleza kwa nini haya matatu yako yalivyo.

Viwanja vikubwa viliishia wapi

Ulaya si mgeni wa mviringo. Brooklands, kusini mwa Uingereza, ilifunguliwa 1907, miaka miwili kabla ya Indianapolis. Monza nayo ilikuwa na kona zake zilizoinuliwa, na mwaka 1957 na 1958 madereva wa Marekani walialikwa huko kwa mbio za maili 500. Mwaka wa kwanza alishinda Jimmy Bryan, wa pili Jim Rathmann, Wamarekani wote wawili. Lakini mbio za Brooklands zilikoma 1939 vita vilipoanza, na Ulaya ikazoea saketi za kukata kulia na kushoto.

Kisha ghafla, ndani ya mwaka mmoja, vikajengwa viwanja viwili vikubwa. EuroSpeedway Lausitz, mashariki mwa Ujerumani, ilifunguliwa Agosti 2000 ikiwa na mviringo wa kilomita 3.2. Rockingham, nje ya mji wa Corby, Uingereza, ilifuata 2001 na mviringo wa karibu kilomita 2.4. Septemba 2001 mashindano ya CART ya Marekani, ya magari yenye matairi ya nje, yalivuka bahari kuja kwenye viwanja vyote viwili, wiki baada ya wiki. Hawakuwa na bahati. Lausitz walikimbia tarehe 15, siku nne tu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, na Alex Zanardi akapata ajali iliyomkata miguu yote miwili. Rockingham maji yalikuwa yakipenya kutoka chini ya lami, mazoezi yakapotea, na mbio zikafupishwa. Hata hivyo zilipoanza zilikuwa tamu: Gil de Ferran alimpita Kenny Bräck kwenye kona ya mwisho kabisa.

Magari ya stoki yalipata nafasi yao hapo hapo Rockingham kupitia ASCAR, mashindano yaliyoanza 2001 yakiwa na magari ya V8 yaliyoundwa kwa mfano wa NASCAR. Ben Collins, ambaye baadaye alijulikana kama Stig, yule dereva wa siri wa kipindi cha magari cha BBC, alikuwa bingwa wa 2003. Hayakutimiza miaka 10. Rockingham yenyewe ilifunga milango ya mbio mwishoni mwa 2018, na eneo likageuzwa kuwa la kuegeshea magari ya biashara.

Mimi naamini sababu kubwa ni tatu, na zote zinakuhusu wewe mtazamaji. Ya kwanza ni mvua. Kwenye mviringo wa kasi matairi hayana michirizi, na lami ikilowa hakuna mbio, watu wanakaa jukwaani wakitazama mawingu. Ya pili ni mwinamo. Kona za Daytona zimeinama nyuzi 31, ndiyo maana dereva hukanyaga mafuta mzunguko mzima na magari kwenda kwa kundi, kila moja likivutwa na upepo uliopasuliwa na la mbele yake. Mwinamo wa Rockingham haukuzidi nyuzi 7. Dereva analazimika kuachia mafuta, kundi linakatika, na kile ulichokiona kwenye televisheni hakitokei. Ya tatu ni ukubwa. Uwanja wa watu 50,000 ukiingiza elfu chache unaonekana mtupu, na mwenye uwanja analipa gharama za watu 50,000 vilevile. Viwanja vidogo vya mita 400 havina tatizo hilo, na ndivyo vilivyobaki hai hadi leo.

EuroNASCAR: gari ndilo, uwanja sio

Mashindano haya yaliasisiwa na Mfaransa Jérôme Galpin, na yakaanza kukimbiwa mwaka 2009 kwa jina la Racecar Euro Series. Mwaka 2012 NASCAR wenyewe wakayapokea rasmi. Gari lina fremu ya mabomba, injini ya V8 ya lita 5.7 yenye nguvu ya farasi karibu 400, gia nne za kubadilisha kwa mkono na klachi, na hakuna kompyuta inayomsaidia dereva kwenye breki wala kuzuia matairi yasiteleze. Sura ni za Chevrolet Camaro, Ford Mustang na Toyota Camry. Jambo ambalo mashabiki wa zamani hulipenda ni kwamba tangu 2022 magari ya ngazi ya juu Marekani yameachana na gia za mtindo huo, wakati huku Ulaya dereva bado anahangaika nazo. Ukisimama karibu na sehemu ya kufunga breki kali utasikia kila anaposhusha gia, injini ikinguruma kwa kustukia, na utajua nani ana mguu mzuri na nani hana.

Madereva si wa kubahatisha. Bobby Labonte, bingwa wa NASCAR wa 2000, alikimbia msimu mzima huku 2018. Mwaka uliofuata akaja Jacques Villeneuve, bingwa wa dunia wa Formula One wa 1997. Njia ya kurudi Marekani nayo ipo: Alon Day wa Israeli, aliyetwaa ubingwa huu zaidi ya mara moja, alikimbia mbio za ngazi ya juu ya NASCAR kule Sonoma, California, mwaka 2017. Gari moja hutumiwa na madereva wawili, mmoja kwenye daraja la juu na mwingine kwenye daraja la pili, kila mmoja na mbio zake. Hivyo timu inagawana gharama, na wewe mtazamaji unapata mbio nne kwa wikendi badala ya mbili.

Tatizo ni uwanja. Julai 2012 walijaribu kwa moyo wote: walitengeneza mviringo wa muda kwenye maegesho ya uwanja wa maonyesho wa mji wa Tours, Ufaransa, na NASCAR ikakimbia mviringo Ulaya kwa mara ya kwanza. Baadaye wamekwenda Venray mara kadhaa, ikiwemo 2015 na 2019. Mbali na hizo, ratiba yao imejaa saketi za kawaida: Valencia, Vallelunga, Most, Oschersleben, Zolder. Ni mbio nzuri, lakini aliyeingia na picha ya Daytona kichwani atatoka na kiu yake.

Kama umeamua kwenda, chagua Brands Hatch, katika jimbo la Kent, si mbali na London. Wanatumia ile njia fupi iitwayo Indy, ya karibu kilomita 1.9, iliyopewa jina hilo kwa sababu ya magari ya Indy yaliyokuja kukimbia hapo 1978. Uwanja uko bondeni, ukisimama kwenye mteremko unaona karibu njia yote kama uko kwenye bakuli, na mizunguko inakuja haraka haraka. Ndiyo saketi ya kawaida inayokaribia zaidi ladha ya mviringo. Wikendi yenyewe huitwa American SpeedFest na huambatana na maonyesho ya magari ya zamani ya Kimarekani, kwa hiyo hata mwenzako asiyependa mbio atapata cha kutazama.

BriSCA: mviringo wenye mila zake

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo moyo wangu ulipo, na pia ndiyo chaguo ambalo wengi hulipita bila kulijua.

Mbio za magari ya stoki zilifika Uingereza zikitokea Paris, ambako zilionekana 1953. Mwaka huohuo, huku kwetu, Safari Rally ilikuwa ikianza ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ijumaa Kuu ya 16 Aprili 1954 uwanja wa New Cross, kusini mashariki mwa London, ulijaa watu waliokuja kuona magari makuukuu yaliyofungwa vyuma yakigongana. Tangu hapo mchezo haujakatika. NASCAR ilianza 1948, kwa hiyo hawa si waigaji wa jana. Mti wao ni wa rika moja na ule wa Marekani, ila umekulia udongo mwingine.

Gari la BriSCA Formula 1 la leo halifanani na gari lolote la dukani. Ni fremu nzito iliyoundwa mahususi, injini ya V8 ya Kimarekani inayoweza kupita nguvu ya farasi 600, bampa za chuma mbele na nyuma, na bawa kubwa juu ya paa. Uzito umeegemezwa kushoto kwa sababu kona zote ni za kushoto. Uwanja ni wa robo maili, mita 400 hivi. Fikiria hilo: nguvu inayolizidi gari la EuroNASCAR, mahali padogo kiasi hicho. Na bampa ni za kufanyia kazi. Kumsukuma aliye mbele kwenye kona mpaka atoke njia ni halali, na dereva asiyejua kusukuma hafiki mbali.

Kilichonivuta kabisa ni rangi za mapaa. Dereva hupangwa daraja kwa matokeo yake, na paa la gari linapakwa rangi ya daraja hilo: jeupe kwa wanaoanza, kisha njano, bluu na nyekundu, na juu yao manyota wenye paa jekundu na taa zinazomweka. Mbio zinapoanza, wadogo wanakaa mbele na manyota wanakaa nyuma kabisa. Bingwa wa dunia, ambaye paa lake ni la dhahabu, anaanzia mkiani na lazima apenye kundi zima. Mgeni wa siku ya kwanza haelezwi kitu kirefu. Anaambiwa tu atazame mapaa mekundu yakipanda kupita meupe, naye anaufuata mchezo kama aliyezaliwa nao.

Viwanja ni vya aina mbili, lami na udongo wa changarawe, na usiku wa udongo una utaratibu wake. Kabla ya mbio lori la maji huzunguka likilowesha njia. Magari yanapoachiwa kwa mara ya kwanza matairi ya nyuma yanachota tope na kulirusha juu ya wavu, na waliosimama mbele kwenye kona wanarudi nyumbani nalo nguoni. Wazoefu hukaa juu. Baada ya mbio mbili tatu njia inakauka, mstari mmoja unang'aa kwa kukanyagwa, na dereva mwenye akili anaanza kutafuta unyevu uliobaki upande wa nje, ambako matairi yanashika vizuri zaidi.

Halafu kuna kona ya mwisho. Mtu wa pili akiwa karibu vya kutosha, uwanja mzima unajua kinachokuja: hatapiga breki mahali pake pa kawaida, ataliacha gari liende limkumbe kiongozi na kumpeleka ukutani, kisha akimbilie bendera. Wakati mwingine anakosea na wote wawili wanaishia kwenye waya huku wa tatu akishinda. Kiongozi anajua linakuja naye anajaribu kuingia kona mapema au kwa kuchelewa ili apigwe vibaya. Sijaona jambo linalowasimamisha watu wa rika zote kwa pamoja namna hiyo.

Majina ya hapa ni ya koo. Kina Smith, kina Wainman, baba anamwachia mwana. John Lund alitwaa ubingwa wa dunia mara nane. Wengi wao wana kazi zao za siku, kama gereji, usafirishaji au biashara ya skrepa, na mbio zikiisha unaweza kuingia eneo la mafundi ukazungumza na bingwa akiwa bado na mafuta mikononi. Kwa NASCAR ya Marekani hilo unalilipia pesa nzito.

Viwanja vya kuanzia ni King's Lynn na Skegness upande wa mashariki, Northampton katikati, Foxhall ya Ipswich kwa lami, na Buxton juu milimani kwa anayestahimili baridi. Usichelewe sana kuvitembelea. Uwanja wa Brandon wa Coventry ulifungwa 2016, Birmingham Wheels 2021, na ardhi ya viwanja hivi ina watu wengi wanaoitaka kujenga nyumba.

Venray

Raceway Venray iko mkoa wa Limburg, Uholanzi, karibu na mpaka wa Ujerumani. Ni mviringo wa lami wa nusu maili, mita 800 hivi. Kwa anayetaka gari la sura ya Kimarekani juu ya mviringo halisi, hapa ndipo. Wana daraja la Late Model V8, magari mapana, ya chini, ya aina ileile inayokimbia Jumamosi usiku katika viwanja vidogo vya Carolina na Virginia. Hawagongani kama BriSCA. Kugusana kupo, lakini ushindi unatafutwa kwa mstari mzuri na subira ya matairi. Wikendi hizohizo huwa kuna pia magari ya stoki ya kugongana, na Waingereza hupanda meli na magari yao kuja kupambana na Waholanzi. Ubaya wake ni kwamba siku zenye programu kubwa ni chache kwa mwaka, na mvua ikinyesha mpango wa siku unaharibika.

Ukiyaweka pamoja

Kwa kuona, BriSCA na Venray ziko mbele sana. Kwenye saketi ya kawaida gari linapita, linapotea, unasubiri. Aliyekulia na Safari Rally anaijua hali hiyo: unangoja saa nzima porini, gari linapita sekunde tano, linakuachia vumbi. Kwenye mviringo mdogo hukosi tukio hata moja, na huhitaji skrini kukuambia nani anaongoza. Brands Hatch ndiyo inayojitetea kidogo hapo.

Kwa hali ya hewa, EuroNASCAR ndiyo salama zaidi kwa anayesafiri kutoka mbali, kwa sababu wana matairi ya mvua na saketi za kawaida huendelea. BriSCA hukimbia mvua ya kawaida, ingawa udongo ukijaa maji usiku unaweza kuahirishwa. Venray ndiyo ya kuangalia utabiri kabla ya kupanda treni.

Kwa ubora wa udereva tofauti ni ya aina. EuroNASCAR inampima mtu aliyefundishwa kwenye saketi, anayekata kulia na kushoto kwa usahihi. BriSCA inapima jicho, ujasiri na kumbukumbu ya nani alikugonga wiki iliyopita. Sikubaliani na wanaosema hii ya pili ni fujo tu. Tazama nyota akipenya magari 25 ndani ya mizunguko 16 bila kuharibu gari lake, kisha useme kama hiyo ni fujo.

Kwa kelele zote ni kubwa, na watoto wavae vizuia sauti vya kufunika masikio, si pamba. Kwa mtoto mdogo mimi ningechagua lami kuliko udongo, na kiti cha juu.

Basi uende wapi? Kama wewe ni shabiki wa NASCAR ya televisheni na unataka kulisikia gari lile kwa masikio yako, kata tiketi ya Brands Hatch. Kama uko Uholanzi, Ubelgiji au magharibi mwa Ujerumani na unataka mbio za mviringo zinazofanana na za Marekani vijijini, subiri wikendi ya Late Model V8 pale Venray. Kama unataka usiku utakaokufanya upige kelele ukiwa umesimama, nenda BriSCA, na uchague usiku wa udongo. Ukilazimika kwenda mara moja tu kwa mwaka, ushauri wangu ni huu wa BriSCA, bila kusita. Kiingilio ni sehemu ndogo tu ya kile cha Formula One, na wikendi ya fainali ya dunia, ambayo kwa kawaida huwa Septemba, ndiyo kilele chake. Hiyo inahitaji kununua tiketi mapema.

Kwa anayefikiria kuendesha na si kutazama tu, BriSCA ndiyo yenye mlango mpana. EuroNASCAR inahitaji wadhamini au mfuko mrefu. Huku unaweza kununua gari la mkono wa pili la daraja la chini, BriSCA Formula 2, lenye injini ya lita 2 na mekanika ambayo fundi wa gereji ya kawaida anaielewa. Na kwa wazazi wenye mtoto asiyetulia kwenye usukani wa michezo ya kompyuta, kuna Ministox, ambako watoto kuanzia miaka 10 hukimbia magari ya Mini yaliyoimarishwa, kwenye viwanja vilevile, usiku uleule, kabla ya wakubwa kuingia. Nenda naye mapema, mpitishe eneo la mafundi, aongee na watoto wenzake wanaofunga mikanda.